Mpiga Picha Leba: Mtoto Anapozaliwa, Nani Aalikwe Kuona?



Ndugu msomaji, katika parokia zetu za Arusha mpiga picha ni mtu wa kawaida kabisa. Yupo kwenye ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, sendofu, ndoa na jubilei, na hata mazikoni, akipanda juu ya benchi ili apate sura ya kila anayelia. Paroko humwomba asisimame mbele ya altare, naye husogea hatua mbili, kisha hurudi palepale. Tumemzoea. Lakini nilipokuwa likizo nyumbani upande wa Tengeru, mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Frateri, binti yangu na mumewe wanataka kumlipa mtu wa kamera aingie nao leba, ampige picha mtoto akizaliwa. Hivi Kanisa linasemaje?"

Kanisa halina kanuni inayomtaja mpiga picha wa leba. Hata hivyo linayo mengi ya kutusaidia kufikiri. Najua kwamba frateri wa miaka 25 anayesoma falsafa akianza kuzungumzia leba, akina mama wana haki ya kumkumbusha kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo niliwauliza kwanza wao, pamoja na mkunga mmoja mstaafu, ndipo nikarudi kwenye vitabu.

Tuanze na kazi yenyewe. Marekani, Australia na sehemu za Ulaya, kupiga picha za uzazi ni taaluma inayojitegemea. Kipo chama cha kimataifa cha wapiga picha hao, na huendesha shindano la picha bora. Mpiga picha hukutana na wazazi miezi kabla, wakaandikiana mkataba. Mimba inapokaribia kutimia huacha simu yake wazi usiku na mchana, kwa sababu mtoto haweki miadi. Akiitwa hukaa pembeni saa nyingi bila kusema neno. Hawashi taa ya kamera. Hutumia lenzi inayomudu mwanga hafifu. Hupiga mkono wa mama ulioshika shuka, uso wa baba, mikono ya mkunga, mtoto akiwekwa kifuani, kitovu kikikatwa, mizani ikisoma uzito. Baada ya wiki kadhaa familia hupokea albamu.

Hapa Arusha kinachoonekana zaidi ni majirani wa kazi hiyo: picha za mama mjamzito studio, amevaa gauni refu, na picha za mtoto mchanga aliyelazwa kwenye kikapu kana kwamba ni tunda la sokoni. Mafundi hawakosekani. Utalii umewafundisha wengi, na wapo waliojifunza subira kwa kuwavizia mbega na twiga wa Momella, wakijua kwamba mnyama akishtuka picha imeharibika. Subira hiyo ingefaa sana leba. Ila twiga hajali picha yake itaonekana wapi kesho. Mama anajali.

Wanaotaka huduma hii wana sababu za kweli. Baba anaweza kuwa machimboni Mirerani, au yuko porini na watalii, au yuko pale pale hospitalini lakini ameachwa nje ya geti akizunguka na chupa ya chai. Mama mwenyewe, kwa maumivu na uchovu, hukumbuka vipande vipande tu. Mmoja aliniambia anakumbuka vizuri saa ya ukutani, lakini hakumbuki alivyoonekana mwanae dakika ile ya kwanza, na jambo hilo bado linamuuma.

Mtoto ndiye asiyejua lolote kabisa. Mtakatifu Augustino alilitafakari hili katika kitabu cha kwanza cha Maungamo. Alikiri kwamba hakumbuki chochote cha uchanga wake, na kwamba anachokijua amekipata kwa kuwaamini waliomlea na kwa kuwatazama watoto wengine. Huyu aliyeichunguza kumbukumbu yake kuliko karibu kila mwandishi wa zamani alilazimika kuupokea mwanzo wake kutoka midomoni mwa wengine. Sote tuko hivyo. Habari ya kuzaliwa kwangu ni ushuhuda, na ushuhuda unahitaji mtu wa kumwamini.

Je, picha inatuondolea haja hiyo? Kwa sehemu tu. Picha itamwonyesha mtoto kuwa mama yake alilia, lakini haitamwambia alilia kwa nini. Hilo bado litahitaji bibi, au mama mwenyewe, wakikaa naye jioni na kumsimulia. Naona picha nzuri ya uzazi ni ile inayoanzisha simulizi hiyo nyumbani, na nina wasiwasi na ile inayotengenezwa ili watu wa mbali waitazame kwa sekunde tatu.

Hapo Mtakatifu Yohane Paulo II ananisaidia. Katika katekesi zake za Jumatano juu ya mwili, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 6 Mei 1981 (wiki moja tu kabla ya kupigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro), alizungumzia mwili wa mwanadamu katika sanaa, picha za kamera na filamu. Hakusema kuwa mwili uliovuliwa nguo ni uchafu, wala kwamba sanaa imekatazwa kuuonyesha. Alitofautisha. Mchoraji au mchongaji humpitisha mtu katika wazo lake mwenyewe, na kinachotoka ni kazi mpya. Kamera humnakili mtu yule yule aliye hai. Mwili, kwa mafundisho yake, una maana ya zawadi, mtu kujitoa kwa mtu. Sura ya mwili huo ikinakiliwa na kutumwa kwa watazamaji wasiojulikana, zawadi inakuwa haina tena mpokeaji, imekuwa mali ya umma.

Nikilileta hilo leba, swali langu la kwanza linakuwa hili: picha hii inapelekwa kwa nani? Picha iliyopigwa kwa ajili ya baba, mama na mtoto ina anwani. Picha ile ile ikiwekwa kwenye ukurasa wa Instagram wa studio kama tangazo imebadilika, ingawa hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa ndani yake. Ni rahisi wazazi vijana kunaswa hapa. Mpiga picha akikubali kupunguza bei kwa sharti kwamba atazitumia picha kujitangaza, mtoto anakuwa amelipia sehemu ya gharama kwa sura yake kabla hajapewa jina. Hajaulizwa, na akifika umri wa kuulizwa, picha itakuwa imeshazunguka miaka 15.

Na mama? Yeye aliulizwa, lakini aliulizwa lini? Ridhaa aliyoitoa sebuleni akiwa mtulivu inaweza isiwe ridhaa yake saa nane usiku uchungu ukiwa umekolea. Lugha yetu inasema mama amejifungua. Mtendaji ni yeye, na anayejifungua ndiye anayeamua mlango ufunguke mbele ya nani. Daktari Mfaransa Michel Odent, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Pithiviers, alitetea kwamba mama katika uchungu anahitaji faragha, mwanga hafifu na kutojihisi anatazamwa, kwa sababu wasiwasi huzuia homoni ya oksitosini inayosukuma uchungu. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye katika kila jambo. Nilipomweleza hayo yule mkunga mstaafu alicheka tu, akasema mama akiingiliwa na mgeni uchungu "unakimbia", na hakuhitaji Mfaransa kumfundisha.

Wapo watakaosema kwamba aibu ya uzazi ni mambo ya kizamani. Kwa wazee wetu, Waarusha na Wameru, uzazi ulikuwa shughuli ya wanawake, na mwanamume alingoja mbali. Sisemi turudi huko. Baba kumshika mkewe mkono ni jambo jema. Lakini katika aibu ile kulikuwa na ulinzi: palipo na jambo kubwa kuliko macho, macho hupunguzwa. Mwinjili Luka anamaliza kuzaliwa kwa Bwana wetu katika mstari mmoja, nguo za kitoto na hori, basi. Kitabu kisicho cha kikanuni kiitwacho Injili ya Yakobo ndicho kilichotaka kuona zaidi. Humo yumo mwanamke aitwaye Salome, asiyeamini mpaka ajipimie mwenyewe kwa mkono. Mkono ule unaathirika, na unapona anapombeba mtoto. Si Maandiko Matakatifu, lakini aliyeitunga alijua tofauti ya kupekua na kupokea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa mazingira yetu, naliona zito kuliko yote, nalo ni jirani. Mtindo huu umekulia katika vyumba vya mtu mmoja. Katika hospitali zetu za umma, wodi ya wazazi ni ya wengi: kitanda, pazia, kitanda, na mara nyingine pazia halifiki mwisho. Ukimpiga picha mama wa kitanda cha tatu, nyuma yake unampata wa kitanda cha nne, ambaye hakutia sahihi mkataba wowote. Unapata kadi yake ya kliniki mezani, na sauti yake ukichukua video. Huyo wa nne anaweza kuwa binti aliyejificha kwa hofu ya nyumbani kwao, au mama ambaye mtoto wake hajalia, na sasa hivi manesi wamemzunguka. Furaha ya kitanda cha tatu haina haki juu ya msiba wa kitanda cha nne.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili kwa namna yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ruhusa ya mume na mke haitoshi. Inahitajika ruhusa ya uongozi wa hospitali, na pia ya mkunga na daktari watakaoonekana, kwa maana nao ni watu, si mapambo ya picha.

Kuna na swali la nafasi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linapendekeza kila mama awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Hospitali ikiruhusu mtu mmoja tu, na mtu huyo akawa wa kamera, mama amebaki bila wa kumpangusa jasho. Hapo sioni cha kujadili: aingie mama mzazi, dada au mume, na kamera ibaki nje.

Nisingependa msomaji adhani kwamba haya yote ni anasa za wenye fedha. Mwaka 2005, huko Colorado nchini Marekani, lilianzishwa shirika liitwalo Now I Lay Me Down to Sleep. Wapiga picha wake hujitolea kwenda hospitali kuwapiga picha, bila malipo, watoto waliozaliwa wafu au wanaokaribia kufa, wakiwa mikononi mwa wazazi wao. Mwanzo wake ni mama mmoja aliyemwomba mpiga picha ampige mwanae wa siku chache kabla na baada ya kuondolewa mashine. Kwetu mtoto aliyezaliwa mfu mara nyingi hufunikwa haraka na kuzikwa haraka, na mama huambiwa asahau, atapata mwingine. Tunafanya hivyo kwa huruma. Lakini nimemsikia mama wa WAWATA mwenye wajukuu akisema kwamba hajui yule wa kwanza alifanana na nani. Kanuni ya 1183 inamruhusu askofu wa mahali kukubali maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe akafa kabla. Kanisa, basi, linamhesabu kuwa mtu wa kuombolezwa. Picha moja ya heshima, uso na vidole, mama akitaka, ingekuwa na anwani iliyo wazi kuliko picha zote nilizozitaja, na hakuna atakayeiweka kwenye tangazo.

Kwa wazazi walioamua kumwita mpiga picha, mambo machache niliyoyaokota kwa niliowauliza. Afadhali awe mwanamke, na mama awe amezungumza naye ana kwa ana, si mume peke yake. Wakubaliane neno moja ambalo mama akilitamka, kamera inashushwa bila maswali. Ikilazimu upasuaji, yeye abaki nje. Mtoto akishazaliwa, saa ya kwanza ni ya kifua cha mama na kunyonya. Asiombwe kurudishwa nyuma ili picha irudiwe. Fedha ya bima na ya vifaa vya kujifungulia itengwe kabla ya fedha ya kamera. Na mkataba useme wazi kwamba hakuna picha itakayowekwa mtandaoni, na kwamba familia ikishazipokea, nakala zilizoko kwenye kompyuta ya studio zitafutwa mbele ya baba au mama, siku hiyo hiyo wanapokuja kumalizia malipo.