‘Baiskeli ya changarawe’ au ‘ya changaraweni’? Somo kutoka karakana za Kisumu

MBIO za baiskeli kwenye barabara zisizo na lami zilipata jukwaa kubwa nchini Kenya mnamo Juni 2021, Migration Gravel Race ilipoandaliwa kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara. Mwaka uliofuata, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya fani hiyo nchini Italia. Fani mpya huja na vyombo vipya, na vyombo vipya hudai majina.

Baiskeli yenyewe si ngumu kuieleza. Usukani wake una pembe zilizopinda kuelekea chini, kama ule wa baiskeli ya mbio za lami. Lakini matairi yake ni mapana, aghalabu milimita 40 hivi au zaidi, na gia zake zina wepesi wa kupandia milima. Ina dada yake mkubwa, baiskeli ya mbio za matopeni zinazopendwa sana Ubelgiji wakati wa baridi. Kanuni za UCI haziruhusu tairi la mbio hizo kuzidi upana wa milimita 33.

Je, tuiite nini? Jina linalojitokeza upesi ni ‘baiskeli ya changarawe’. Sarufi hailikatai, ila linaacha mwanya. Kihusishi cha a-unganifu hubeba maana nyingi. ‘Kikombe cha chai’ hutaja matumizi au kilichomo, ‘kikombe cha udongo’ hutaja malighafi, na ‘kikombe cha Atieno’ hutaja mwenyewe. Katika mitaa ya Kisumu, ‘baiskeli ya maji’ ni ile inayobeba mitungi ya maji, na ‘lori la changarawe’ ni lile linalobeba changarawe. Mkazi wa Nyalenda akisikia ‘baiskeli ya changarawe’ ana haki ya kuuliza, “Kwani inabeba debe ngapi?”

Kiswahili kina dawa ya utata huu, nayo ni kiambishi tamati cha mahali, -ni. Tunasema ‘samaki wa ziwani’, ‘kazi za shambani’ na ‘vyombo vya majini’. Kwa mantiki iyo hiyo, ‘baiskeli ya changaraweni’ ni ile iliyoundwa kupita penye changarawe, na dada yake ni ‘baiskeli ya matopeni’. Neno linaweza kukwaruza sikio mara ya kwanza, lakini maana yake haiyumbi.

Ikumbukwe pia kwamba changarawe si kokoto. Changarawe ni vijiwe vidogo vilivyochanganyika na mchanga, ilhali kokoto ni mawe yaliyopondwa kwa ajili ya zege. Barabara nyingi za vijijini kandokando ya Ziwa Victoria ni za muramu, ule udongo mwekundu unaoshindiliwa. Katika uwanda wa Kano, kuelekea Ahero, udongo ni mweusi na hunata mvua inaponyesha. Hujaa kati ya tairi na foki hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ndiyo maana anayeunda baiskeli ya huku hutazama kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na foki, kabla ya kuvutiwa na rangi.

Majina ya vipuri, kwa upande mwingine, tunayo tayari. Sikiliza mazungumzo ya kawaida karibu na soko la Kibuye:

“Fundi, hii gurudumu inacheza.”

“Habu imelegea, omera. Gololi zimeisha. Leta zingine nifunge, halafu ninyooshe rimu.”

Mwalimu wa sarufi atasahihisha ‘hii gurudumu inacheza’ iwe ‘gurudumu hili linacheza’, kwa kuwa gurudumu limo katika ngeli ya LI-YA. Ana haki. Lakini asipite haraka, maana fundi naye ana sarufi yake. Tazama maneno aliyoyatohoa kutoka Kiingereza. Neno la asili likiishia kwa sauti ya midomo kama m, p au b, fundi huongeza u: rimu, fremu, pampu, habu, tyubu. Likiishia kwa konsonanti nyingine, kwa kawaida huongeza i: breki, spoki, foki, cheni, nati, friwili. Hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo darasani. Ni fonolojia ya Kiswahili inayojiendesha yenyewe, na ndiyo inayotuonyesha kwamba breki mpya za sahani zitaitwa ‘breki za diski’ bila kuhitaji kikao cha wataalamu.

Gololi nayo haikutoka dukani. Ni jina la vitufe wanavyochezea watoto, likahamishiwa vitufe vya chuma vinavyozungusha habu. Kufanana kwa umbo kumezaa istilahi, njia ambayo lugha zote huitumia. Majirani zetu nao wana majina yao ya chombo kizima: kwa Dholuo baiskeli ni ndiga, na katika Kiswahili cha Lubumbashi ni kinga.

Hata hivyo, lugha ya karakana ina mahali inapohatarisha maisha, nako ni kwenye nambari. Baiskeli nyeusi za chuma, maarufu kama Black Mamba, hutumia tairi la ‘inchi 28’. Kipenyo cha rimu yake mahali tairi linapokaa ni milimita 635. Baiskeli nyingi za changaraweni hutumia rimu ya milimita 622, ambayo wauzaji huiita ‘mia saba’, na baadhi ya watengenezaji huiandikia pia 28. Tairi la baiskeli ya milimani linaloitwa ‘inchi 29’ nalo hukaa kwenye rimu iyo hiyo ya 622. Kwa hiyo 28 na 28 huwa tofauti, huku 28 na 29 zikiwa sawa!

Tofauti ya milimita 13 yaonekana ndogo. Lakini tairi la 635 likivishwa rimu ya 622 hulegea, na linaweza kuchomoka mteremko ukianza. La 622 nalo halitaingia kabisa kwenye rimu ya 635, hata ulivute kwa spana. Ubavuni mwa tairi huandikwa jozi ya nambari, kwa mfano 40-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Anayetuma mtoto dukani na amtajie jozi hiyo. “Niletee tairi ya 28” ni agizo lisilokamilika.

Utata kama huo umo katika ‘gia’, neno linalobeba meno ya mbele, meno ya nyuma na hata kidude kinachohamisha cheni. Ni heri kusema ‘meno ya mbele’ au ‘meno ya nyuma’ na kutaja idadi yake. Vivyo hivyo kwa breki. Baiskeli za Buffalo, zinazounganishwa papa hapa Kisumu na shirika la World Bicycle Relief, baadhi yake husimamishwa kwa kurudisha pedali nyuma. Mtu aliyezoea breki za mkononi akiambiwa tu kwamba ‘breki ziko sawa’ atafinya hewa. Aambiwe ni ‘breki ya pedali’.

Wajuzi wa kuunda baiskeli za njia mbovu wamekuwapo hapa muda mrefu. Boda boda, jina lililotokana na safari za mpakani Busia na Malaba miaka ya 1960, ilianza kwa baiskeli, si pikipiki. Mafundi waliimarisha foki kwa vyuma vya ziada, wakachomelea vikanyagio vya abiria na kutandika mto juu ya keria. Kila kazi waliipa jina.

Mwandishi wa michezo au mfasiri anayetafuta istilahi na aanzie kwao, achukue habu, foki, friwili na gololi kama zilivyo. Kisha awarudishie fadhila kwa kunyoosha pale panapotatiza: changaraweni badala ya changarawe, meno badala ya gia, na 622 badala ya 28.