Mkono Upapasao Gizani

Huku kwetu Tanga jua halina ajizi. Mwaka mzima huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, likitangulia au kuchelewa kwa dakika chache tu, na likisha kuzama giza huingia kwa haraka ambayo wageni kutoka nchi za kaskazini huistaajabia. Kwa hiyo kijana wa bodaboda aanzaye kazi alfajiri na kuimaliza saa nne usiku hufanya sehemu kubwa ya kazi yake gizani, iwe masika au kiangazi. Juu ya giza hilo yamekwisha kusemwa mengi, na kwa haki: taa ya mbele, kofia ngumu, fulana ya kung'aa. Lakini lipo jambo moja dogo ambalo sijaliona likitajwa katika kurasa hizi, nalo ni vile vitufe vilivyopo juu ya usukani, ambavyo dereva huvitumia kila dakika, na ambavyo usiku havionekani.

Ndugu msomaji ambaye hujapata kushika usukani wa pikipiki, niruhusu nikueleze. Mkono wa kulia huvuta mafuta na kukamata breki ya mbele, na kidole gumba chake husimamia stata pamoja na swichi ya kuzimia injini. Mkono wa kushoto hukamata klachi, na gumba lake lina kazi tatu: kubadilisha taa kali kuwa hafifu, kuwasha indiketa, na kupiga honi. Swichi hizo tatu zimebanana mahali pasipozidi ukubwa wa kiberiti. Zote ni plastiki nyeusi juu ya plastiki nyeusi, na alama nyeupe zilizochorwa juu yake, kwa jasho na vumbi la miezi michache, hufutika kabisa.

Mchana haidhuru, jicho hutupwa mara moja likarudi barabarani. Usiku ni kinyume. Dashibodi ina mwanga: mshale wa mwendo waonekana, taa ya buluu yakwambia kwamba umewasha taa kali, ya kijani kwamba indiketa inafanya kazi. Yaani mtengenezaji amejitaabisha kumjulisha dereva alichokwisha kufanya, bali hakujitaabisha kumwonyesha pa kukifanyia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa narejea kutoka mkutano wa tawi, nikitokea Muheza kuja Pongwe. Pikipiki yangu ilikuwa kwa fundi, na ndugu mmoja mwenzetu katika Chama aliniazima yake. Ilikuwa yapata saa mbili na nusu usiku, katikati ya mashamba ya mkonge, hakuna mwezi. Lori likaja mbele yangu. Nikataka kupunguza taa kama adabu ya barabara itakavyo, gumba likaenda pale lilipozoea kwenda, na honi ikalia. Dereva wa lori, naye ana haki yake, akadhani namtukana, akanimulika kwa taa zote. Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo naliona aibu: niliinamisha macho nikaitafuta swichi. Nilipoyainua, gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha kuacha lami, na mbele yangu, kiasi cha mkono mmoja kutoka begani mwangu, alipita mzee akikokota baiskeli yenye gunia la mkaa.

Nilisimama mbele kidogo, miguu ikitetemeka, nikarudi kumwomba radhi.

"Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe sana."

"Marahaba. Hukuumia?"

"Sikuumia."

"Basi, mwanangu, ulikuwa unatazama wapi?"

Nilishindwa kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa natazama kidole changu?

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde moja. Ukiinamisha macho sekunde mbili tu, umekwenda mita 33 kama kipofu, na mzee mwenye baiskeli hahitaji hata nusu ya mita hizo. Kisha kuna habari ya jicho lenyewe. Wataalamu wa macho hutufundisha kwamba jicho huchukua muda wa nusu saa hivi kuzoea giza kikamilifu, ilhali mwanga mkali hulipokonya mazoea hayo papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyemulikwa na lori ana jicho dhaifu mara mbili: halioni barabara, wala haioni swichi nyeusi iliyo chini yake. Ndipo hulazimika kuikodolea zaidi.

Wapo wazee wa kazi watakaocheka makala haya. Watasema kwamba dereva wa kweli hatazami vitufe, mkono wake wavijua. Sina ubishi nao kwa jumla. Tulipokuwa chuoni, maalim alikuwa na desturi ya kuizima kandili katikati ya darasa la usiku na kutuamuru tuendelee kusoma. Aliyehifadhi aliendelea, aliyekuwa akitegemea msahafu alinyamaza, na fimbo ikamjia. Kiungo kilichozoezwa hakihitaji taa. Lakini maalim alituzimia taa juu ya sura ile ile tuliyoisoma jana na juzi. Hakutubadilishia kitabu kila asubuhi.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Vijana wetu wengi hawaendeshi mali yao. Wapo wa mkataba, ambao huleta hesabu kwa mwenye chombo mpaka muda utimie, na hao angalau hudumu na pikipiki moja. Lakini wapo deiwaka, ambao leo hukabidhiwa chombo hiki, kesho kile, na kesho kutwa hukosa kabisa. Na vyombo havifanani. Katika moja swichi ya taa husukumwa kando, katika nyingine hubonyezwa juu na chini. Huku honi iko juu ya indiketa, kule iko chini yake. Si kwamba dunia haina kanuni. Ipo Kanuni namba 60 ya Umoja wa Mataifa ihusuyo vidhibiti vya pikipiki na alama zake, na Marekani nao wana kiwango chao namba 123. Kwa kanuni za namna hiyo honi hukaa kushoto na klachi hukaa kushoto. Hata hivyo hazikumaliza tofauti zote. Kampuni ya BMW kwa miaka mingi iliweka kitufe cha indiketa ya kushoto mkono wa kushoto na cha kulia mkono wa kulia, jambo ambalo lilimshangaza kila aliyetoka katika pikipiki ya Kijapani, na mwishowe waliliacha. Ikiwa bwana mwenye fedha zake huko Ulaya alihitaji siku kadhaa kuzoea, tumtake nini deiwaka aliyekabidhiwa ufunguo saa kumi na mbili jioni?

Tiba yake yajulikana. Pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing au KTM 1290 Super Adventure, zimetolewa zikiwa na vitufe vyenye mwanga kwa ndani, sawasawa na vile vya gari. Bei za vyombo hivyo sitazitaja, kwani zingemkatisha msomaji tamaa bure. Lakini gharama hiyo haitokani na kitufe. Kitaa kidogo cha LED huridhika na umeme wa sehemu 20 za elfu za ampia. Vinne kwa pamoja, katika betri ya volti 12, havifiki wati moja, wakati balbu ya mbele ya pikipiki nyingi za bodaboda hula wati 35. Tena katika baadhi ya pikipiki ndogo taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka katika koili ya injini, ndiyo maana hufifia pikipiki inaposimama na kung'aa mafuta yakivutwa. Kitaa kilichounganishwa na betri hakina taabu hiyo.

Hata hivyo mwanga wenyewe una adabu yake. Ukiwa mweupe na mkali, utaliumiza jicho lile lile tunalotaka kulisaidia. Yafaa uwe hafifu, na bora uwe mwekundu, kwa sababu sehemu ya jicho itumikayo gizani haisumbuliwi sana na rangi hiyo. Nasema haya kwa kuwa nawajua vijana wetu. Pitia kijiwe chochote usiku, utaona pikipiki zimepambwa kama bibi harusi: taa za zambarau chini ya injini, za kijani katika magurudumu, nyingine zinapepesa. Fundi aliyezifunga amelipwa na waya amezipitisha vizuri. Katika mapambo yote hayo, sijaona hata moja iliyowekwa penye swichi ya taa.

Pikipiki huingia nchini kwa wingi, nasi tunalo Shirika la Viwango, ambalo kazi yake ni kusema kipi kiingie na kwa sifa gani. Sioni kwa nini kitufe cha taa kisichoonekana usiku kisihesabiwe kuwa upungufu, kama kioo kilichokosekana kinavyohesabiwa. Walimu wa udereva nao wangeweza kumketisha mwanafunzi juu ya chombo kilichosimama, macho yamefungwa kwa kitambaa, wakamtajia: taa hafifu, indiketa kushoto, honi, zima injini. Robo saa yatosha. Haigharimu hata tone la petroli.

Kwa upande wangu sikungoja. Nilikata kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, kiasi cha punje ya hindi, nikakibandika kwa solusheni ya pancha juu ya swichi ya taa ya pikipiki yangu. Sasa gumba hukutana na kinundu likajua limefika. Haikuwa taa, lakini ilikuwa ni kitu. Vijana wa kijiwe cha jirani walipoona, waliniomba niwaonyeshe, na jioni moja tukabandika pikipiki tisa kwa kopo moja la solusheni. Wiki mbili baadaye nilipanda moja ya zile tisa nikakuta kile kipande hakipo. Nikamwuliza dereva, kumbe ni deiwaka mpya, ana siku ya pili tu juu ya chombo kile. Akanijibu kwa heshima:

"Mwenye pikipiki amekibandua, mzee. Amesema kinaharibu sura ya chombo."

Ilikuwa saa moja na nusu usiku, na tulikuwa bado hatujafika barabara kuu.