Dawa za lehemu: Usivumilie kimya, wala usiache kimya

Mzee mmoja wa Mbagala, wilayani Temeke, alitueleza kwamba kwa miezi miwili alikuwa akiinuka kwa tabu kutoka kwenye sijda. Mapaja yalimuuma, akadhani ni uzee. Jirani alipomwambia kuwa huenda ni vile vidonge alivyoandikiwa baada ya kupatwa na kiharusi, alivitupa siku hiyo hiyo. Hakumwambia daktari wala mkewe.

Tumeanza na kisa hicho kwa kuwa kina makosa mawili yaliyoenea majumbani mwetu: kuvumilia maumivu bila ya kusema, kisha kuacha dawa bila ya kuuliza.

Vidonge hivyo ni vya jamii ya statini, kama vile atovastatini, simvastatini na rosuvastatini. Hulizuia ini kutengeneza lehemu nyingi, na hivyo kupunguza hatari ya kuziba kwa mishipa ya moyo na ya ubongo. Faida hiyo mgonjwa haihisi. Anachokihisi ni maumivu.

Je, maumivu hayo husababishwa na dawa? Wakati mwingine ndiyo. Lakini mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa kwa zamu mwezi wa statini, mwezi wa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na mwezi bila ya kidonge. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa statini waliupata pia kwa vidonge vile vitupu. Baadaye, nusu yao walirejea kwenye dawa.

Hata hivyo, zipo dalili zisizosubiri. Misuli ikilegea na kuuma sana, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali mara moja, kwani misuli huenda inavunjika na kuumiza figo. Hali hiyo ni nadra, lakini ndiyo iliyosababisha serivastatini kuondolewa sokoni mwaka 2001. Macho kuwa ya manjano ni ishara ya ini kudhurika. Aidha, statini zaweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa aliyekwisha kukaribia kisukari.

Hatari huongezeka dawa zinapochanganywa. Klarithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi na baadhi ya ARV hazipatani na simvastatini, na maji ya balungi kwa wingi vilevile. Kwa hiyo, mtajie mfamasia kila unachotumia, hata habasoda na mitishamba. Mama mwenye ujauzito au anayenyonyesha asitumie bila ya idhini ya daktari.

Na mwezi wa Ramadhani si sababu ya kuacha. Kidonge hiki humezwa mara moja kwa siku. Mgonjwa aweza kukimeza baada ya futari.

Mzee wetu hatimaye alipelekwa hospitali na binti yake. Alipimwa damu, akapumzishwa dawa kwa muda, kisha akaanzishiwa aina nyingine kwa kipimo kidogo. Sasa anainuka bila ya kushika ukuta. Dawa ilikuwapo, na njia ya kuirekebisha ilikuwapo. Kilichokosekana ni neno moja kwa daktari.