Mvara, Mtaa wa Vivuli

Askari anayehamishiwa Arua kwa mara ya kwanza hupashwa na wenzake habari tatu: joto la kiangazi, vumbi la barabara, na safari ya kilomita zipatazo 500 kutoka Kampala. Habari ya nne husahauliwa, nayo ndiyo tuliyoikusudia leo. Kando ya mji huo uko mtaa ambao mtu akiuingia saa saba za mchana huvua kofia yake bila ya kuamriwa.

Mtaa huo ni Mvara. Waendao kwa miguu hufika kutoka sokoni kabla jasho halijakauka, na papo hapo hutambua kwamba hewa imebadilika. Miembe mikubwa imefunga matawi, mikangazi na mitiki imesimama kando ya njia, na chini yake wanafunzi hujisomea na akina mama hupumzika na vikapu vyao. Nani asiyetamani kupanga nyumba mahali kama hapo? Polisi aliyelala miaka katika kibanda cha mabati cha duara, kile tunachokiita unipoti, haitaji kuelezwa thamani ya mti mmoja mbele ya mlango.

Uzuri huo haukuota wenyewe. Nchi hii ya magharibi ya Nile zamani ilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwezi wa Desemba 1909. Ikashikwa na Sudan kwa muda mfupi, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukatiwa katika Uganda. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua, na Mvara ikawa kituo chao. Likajengwa kanisa, zikajengwa shule, na kwa desturi ya misheni ikapandwa miti ya kivuli na ya matunda. Siku hizi hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Emmanuel, pamoja na Shule ya Sekondari ya Mvara. Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kukumbushwa kwamba Silvanus Wani, Mkakwa aliyekuwa askofu wa upande huu kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Uganda mwaka 1977, alikuwa pia kasisi wa jeshi.

Na jeshi si geni huku. Tangu enzi za King's African Rifles wilaya hii ilitoa vijana wengi wa bunduki, nao waliporudi na pensheni zao walirudi na Kiswahili pia. Ndiyo sababu askari mgeni hapati taabu ya kuuliza njia.

Lakini hapana budi tuseme na lile lisilopendeza. Vita vya mwaka 1980 na miaka iliyofuata viliwatoa maelfu ya watu wa Arua na Koboko majumbani mwao, wakakimbilia Zaire na Sudan, na si adui peke yake aliyewakimbiza. Kofia za kijeshi nazo ziliogopwa. Nyumba ya udongo isipokaliwa huanguka kwa misimu michache ya mvua. Nyasi huifunika, mchwa humaliza nguzo, na mpaka wa shamba hupotea. Mwembe haupotei. Familia ikirejea baada ya miaka sita ugenini huutafuta mti kwanza, ndipo ipime hatua hadi palipokuwa na jiko. Kwa hiyo afisa anayetumwa kusuluhisha ugomvi wa ardhi huku, akiona wazee wanamwonyesha mti badala ya karatasi, asicheke. Ule mti ni shahidi, na ukikatwa usiku wa kuamkia kesi, afisa mwenye akili ataelewa kwa nini.

Arua ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na tangu hapo viwanja vina bei. Mwenye kiwanja huhesabu vyumba vya kupangisha, na mwembe wa babu yake humtoka machoni akauona kuwa ni nafasi iliyopotea. Barabara ikipanuliwa, mti wa kando ndio wa kwanza kung'olewa. Tanuri za matofali nazo hula kuni mchana na usiku, na ukaushaji wa tumbaku ulikwisha kula sehemu yake kubwa huko mashambani. Sisi hatuwalaumu wanaojenga, maana hata askari anahitaji pa kulala. Tunauliza tu huyo mpangaji wa kesho atakaa wapi saa saba mchana, mabati yatakapowaka.

Mwezi wa Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku makaa ya biashara katika Kaskazini, na West Nile imo. Amri hiyo mtekelezaji wake ni nani, kama si yule asimamaye kwenye kizuizi cha barabarani saa nane za usiku? Lori likifika limefunikwa turubai, dereva akashuka kwa heshima nyingi kupita kiasi, "Afande, habari ya kazi," mkono mmoja ukiwa mfukoni, hapo ndipo amri hupimwa. Raia wa Mvara husikia lori lililopita, na hujua lilipitishwa na nani.

Kwa wale wenye nyumba za kupanga au kambi zenye uwanja mtupu, mvua huku huanza kushika mwezi wa Machi na Aprili. Shimo lichimbwe mapema, mche uzungushiwe miiba kwa ajili ya mbuzi, na mkaratusi usipandwe karibu na kisima, kwani unakunywa kuliko kikosi kizima. Mwembe wa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Uhamisho wa askari huja mapema zaidi, na embe la kwanza huliwa na mtoto wa afande mwingine.