Baina ya Vyuma na Mzunguko: Siku za Kupumzika

Katika miji yetu, ya pwani na ya bara, ni nadra sasa kupita mtaa usio na kijana anyanyuaye vyuma. Asiyeweza kulipa ada ya jimu hujitengenezea vyake: bomba la chuma, na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, moja huku na moja huku. Wako wazee wanaolichukia jambo hili, sisi hatulichukii. Kijana atokwaye na jasho uani kwao baada ya sala ya Alasiri ni bora mara nyingi kuliko yule aliyeegemea ukuta njiani bila ya shughuli. Lakini liko jambo moja ambalo vijana hawa hulidharau, na kwa kulidharau wengine huumia, na wengine huchoka wakaacha kabisa kabla ya kuiona faida yoyote. Jambo hilo ni kupumzika.

Twapenda kulieleza kwa urefu kidogo, khasa kwa ajili ya wale wanaochanganya mazoezi ya namna mbili: kunyanyua vyuma, na yale yaitwayo mazoezi ya mzunguko.

Mazoezi ya mzunguko yalitungwa mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na R. E. Morgan na G. T. Adamson. Walipanga vituo kati ya 9 na 12 ukumbini. Mwanafunzi alifanya zoezi moja katika kila kituo, kama kuruka, kujisukuma kutoka sakafuni kwa mikono, au kuchuchumaa na kuinuka, khalafu akaenda kituo kinachofuata bila ya kukaa. Faida yake ilikuwa kwamba watu wengi waliweza kufanya mazoezi pamoja mahali padogo kwa muda mfupi, na moyo na mapafu vikafanya kazi sawasawa na misuli. Hata leo familia yaweza kuyafanya sebuleni, bila ya kununua kitu ila kamba ya kuruka.

Ama kunyanyua vyuma kwa kuongeza uzani kidogo kidogo, mtu aliyekupa mpango wa kitaalamu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyewatibu askari walioumia miguu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapo kwanza aliwanyanyulisha wagonjwa wake mikupuo 7 na zaidi, kila mkupuo mara 10. Baadaye, mwaka 1948, yeye na mwenziwe Watkins walishauri mikupuo 3 tu. Twaomba vijana waliangalie jambo hili vizuri: mtu yule aliyeanza na nyingi ndiye aliyezipunguza, baada ya kuona kuwa chache zatosha.

Sasa, ni nini hutokea mwilini? Kijana hudhani kwamba nguvu huja wakati ule anaponyanyua. Sivyo. Wakati wa kunyanyua, na zaidi wakati wa kukiteremsha chuma polepole, nyuzi za msuli huchanika machaniko madogo yasiyoonekana kwa jicho, na akiba ya nguvu iliyomo ndani yake hupungua. Maumivu huanza kesho yake, na huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Ndani ya muda huo huo mwili hujenga: kazi ya kuunda protini mpya katika msuli huongezeka kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi. Akiba ya nguvu nayo hujazwa upya kwa muda wa siku moja hivi, mtu akila chakula cha kutosha. Basi anyanyuaye Jumatatu, akanyanyua Jumanne kwa misuli ile ile, amewafukuza mafundi kazini kabla hawajamaliza ukuta.

Tena kano, zile zinazofunga msuli na mfupa, huimarika polepole kuliko misuli yenyewe. Kijana huona mkono wake umenenepa, akazidisha uzani, na kano za bega na za kiwiko bado hazijawa tayari. Hapo ndipo hutokea yale maumivu ya bega yasiyopoa, ambayo humzuia hata kuinua ndoo.

Swali ambalo vijana hubishana sana ni hili: je, siku ya mzunguko yaweza kuhesabiwa kuwa siku ya kupumzika kutokana na vyuma? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa katika mzunguko hapana uzani mkubwa. Sisi twasema inategemea ni misuli ipi iliyotumika. Aliyelala chali jana akasukuma chuma kwa kifua na mabega, khalafu leo akazunguka vituo ambavyo vitatu kati yake ni vya kujisukuma kutoka sakafuni, hakupumzika hata kidogo. Amebadilisha jina la kazi tu. Lakini mzunguko wake ukiwa wa kuruka kamba, kupanda ngazi na kutembea kwa haraka, mabega yake yamestarehe kweli, ingawa kifua kimehema.

Liko pia jambo la kuchosha mwili mzima. Mwaka 1980 Robert Hickson, mtaalamu wa Marekani, alichapisha khabari za watu aliowafanyisha mazoezi ya nguvu siku 5 kwa juma na mazoezi ya pumzi siku 6 kwa juma, yote pamoja, kwa muda wa majuma 10. Mwanzoni nguvu zao ziliongezeka kama za wenzao walionyanyua vyuma tu. Khalafu zikasimama, na katika majuma mawili ya mwisho zikaanza kushuka, hali wenzao wakizidi kupanda. Ni kweli kwamba watu wale walifanyishwa kazi kubwa mno, na wataalamu waliofuata wameona kwamba mazoezi ya namna mbili hupatana vizuri yakiwa ya kiasi. Lakini vijana wetu wengi hawafanyi ya kiasi.

Kwa mtu anayeanza twaona siku tatu kwa juma zatosha kabisa, na kwa bahati nzuri juma letu la Kiswahili, linaloanza Jumamosi, limekaa vizuri kwa mpango huu. Jumamosi anyanyue vyuma, Jumapili apumzike. Jumatatu afanye mzunguko, Jumanne apumzike. Jumatano arudi kwenye vyuma. Alhamisi na Ijumaa asinyanyue kitu, bali atembee. Hivyo misuli yake hupata siku moja kamili, au zaidi, baina ya kazi na kazi, na Ijumaa hubaki kuwa Ijumaa. Akitaka kuongeza baada ya miezi michache, aongeze mzunguko mwepesi wa miguu na pumzi siku ya Alhamisi kabla hajafikiri kuongeza vyuma. Tena kila baada ya majuma matano au sita, yafaa juma moja apunguze kazi yote kwa karibu nusu. Vijana huliona juma hili kuwa khasara. Waacheni waone hivyo, lakini walifuate.

Siku ya kupumzika si siku ya kulala kitandani. Kutembea, kunyoosha viungo, na kazi nyepesi za nyumbani huondoa ukavu wa mwili. Lakini hapa yatupasa kusema jambo ambalo wengi hawalifikiri. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Msichana aendaye bombani mara sita kwa siku amenyanyua uzani mkubwa kabla ya kuanza zoezi lolote, na kijana apakiaye magunia bandarini au sokoni kutwa nzima amekwisha fanya kazi ya vyuma, hata kama hakuiita hivyo. Watu hawa mpango wao hauwezi kuwa sawa na wa karani akaaye kitini. Wahesabu siku za kazi nzito kuwa siku za vyuma, na kwao zoezi jema ni kunyoosha viungo na mzunguko mfupi siku ya mapumziko ya kazi. Kadhalika, katika nyumba ambamo ndugu wa kiume hunyanyua saruji uani ili apate misuli, na dada yake hupita mbele yake amejitwika ndoo, twadhani mzee mwenye busara ataona mara moja namna ya kuwapangia wote wawili zamu zao.

Usingizi ndio sehemu kubwa ya mapumziko. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na watu wazima wasipungukiwe na saa 7. Alalaye saa sita za usiku kwa sababu ya simu, akaamka saa kumi na moja kwa sala ya Alfajiri, amelala saa 5 tu. Dawa yake si kuiacha Alfajiri. Aweke simu mapema, na apatapo nafasi alale kidogo adhuhuri, kama walivyozoea wazee wetu.

Ziko dalili za kumjulisha mtu kwamba mapumziko hayatoshi: uzani uliokuwa mwepesi huwa mzito, usingizi hukatika, hamu ya chakula hupungua, hasira huwa karibu. Wengine huhesabu mapigo ya moyo waamkapo. Yakizidi ya kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, hupunguza kazi. Si kipimo cha mwisho, lakini hakina gharama.

Dalili moja si ya kungojea. Mtu aliyefanya kazi kubwa ghafula, khasa baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi, misuli yake ikivimba na kuuma kupita kiasi na mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi au kokakola, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ni alama kwamba misuli imevunjika na takataka zake zimeingia katika damu, nazo zaweza kuziharibu figo. Asipewe dawa za maumivu za dukani na kuambiwa alale.

Kuhusu watoto, wazazi wengi huamini kwamba vyuma humdumaza mtoto. Mazoezi ya nguvu yaliyo mepesi, chini ya usimamizi wa mtu ajuaye, hayamdumazi. Lakini yawe siku 2 au 3 kwa juma, zisizofuatana, na asijaribu kamwe kupima ni uzani gani mkubwa kuliko wote awezao kuuinua.

Mwezi wa Ramadhani wataka mpango wake. Siku za vyuma zipungue ziwe mbili, na uzani upungue. Mzunguko wa kutoa jasho jingi usifanywe mchana kabisa, kwa kuwa mwenye kufunga hana njia ya kurudisha maji. Mwenye kupenda afanye zoezi jepesi karibu na Magharibi, ili futari iwe inamngoja, au vyuma baada ya Tarawehe. Na anywe maji kidogo kidogo mpaka daku. Lakini akiona Tarawehe, vyuma na daku vimemwachia saa 4 za usingizi, kinachofaa kuachwa usiku huo ni vyuma. Baada ya Idi aanze na nusu ya uzani aliouacha mwezi wa Shaabani, na kwa juma la kwanza apumzike siku mbili baina ya zoezi na zoezi. Misuli iliyokwisha kujengwa mara moja hurudisha nguvu zake upesi kuliko ilivyozipata mwanzo.