Sakramenti Zilitoka Wapi?

Hapa Nyarugusu, penye machimbo ya dhahabu, hutokea mkatekumeni aanze mafundisho, kisha asikiapo habari za duara jipya, ahame. Ndipo wengine huuliza: Je, sakramenti na muda huu wote wa kungoja havikubuniwa na mapadre tu?

Kanisa lilitenda kwanza, likaeleza baadaye. Kristo aliagiza watu wabatizwe, na mkate umegwe kwa ukumbusho wake. Yapata mwaka 155 Mtakatifu Yustino alieleza Dominika ya Wakristo: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, kisha mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo. Yapata mwaka 200 Tertuliano wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, aliuita Ubatizo kwa neno la Kilatini lililotumika pia kwa kiapo cha askari: sakramenti. Idadi ya saba ilitamkwa rasmi na Mitaguso ya Firenze (1439) na Trento (1547), lakini matendo yenyewe yalikuwapo tangu kale.

Aapaye sharti ajue anaapa nini. Kwa hiyo kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume chataja miaka 3 ya ukatekumeni. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake, waliofika Uganda mwaka 1879, wafundishe kwa miaka 4.

Hata hivyo, mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, kifo kilipokaribia, Karoli Lwanga hakuhesabu miaka. Yeye alikuwa mlei, naye amebatizwa Novemba iliyotangulia. Akawabatiza kijana Kizito na wenzake usiku. Tarehe 3 Juni wakafia dini Namugongo.

Basi, makatekista, tushike yote mawili. Mkatekumeni anayehama tumwandikie barua, aendelee na mafundisho parokia aendako. Lakini duara likiporomoka, naye akatolewa mahututi akiomba Ubatizo, tusimwache afe tukimngoja padre. Mwamini yeyote aliye karibu ammiminie maji kichwani, akimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya Kanisa. Ubatizo huo ni kamili, wala haurudiwi akipona.

Kila familia na ijifunze jambo hili leo, kabla ya siku ya hatari. Amina.