Ndigana Mbili, Dawa Mbili: Mjue Kiumbe Anayeua Ng'ombe Wako

Ndugu mfugaji wa Endamarariek na vijiji vya jirani,

Ndama wako amebaki nyuma ya wenzake. Ana homa, masikio yamelegea, hataki kunyonya. Ukimpapasa chini ya sikio unakuta tezi imevimba kama yai. Nyumbani kuna chupa ya oksitetrasaiklini iliyobaki, ile ambayo wengi wetu tunaiita OTC. Unamchoma. Kesho yake unamchoma tena. Baada ya siku chache anahema kwa shida, povu linamtoka puani, anakufa. Unasema dawa ilikuwa feki.

Huenda dawa ilikuwa nzuri kabisa, ila ilipigana na kiumbe isiyemuweza. Kipeperushi hiki kinaeleza viumbe wanaowaugua mifugo wetu ni wa makundi gani, wanaonekanaje, na kwa nini ni lazima kumjua adui kabla ya kushika sindano.

Kiumbe hai ni nini?

Muulize mwanao anayesoma sayansi shuleni. Atakuambia kiumbe hai ana sifa saba: hula, hupumua, hukua, huzaana, hujongea, huhisi na hutoa taka za mwili. Ng'ombe anazo zote. Nyasi nazo zinazo, ingawa hujongea polepole kufuata mwanga.

Mwangalie kupe. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri, akihisi pumzi na joto la mnyama anayepita. Hula damu, hukua, na jike akishashiba huanguka chini na kutaga maelfu ya mayai. Dawa nyingi za kuogesha humuua kwa kuharibu mishipa yake ya fahamu. Ndiyo kusema kila sifa ya uhai ni mlango wa kumpiga adui. Lakini milango ya kiumbe mmoja haiko mahali pamoja na ya mwingine, na ndiyo sababu wataalamu huwagawa viumbe katika makundi.

Makundi matano yanayougua mifugo

1. Wanyama wadogo. Kupe ana miguu minane akikomaa, hivyo ni ndugu wa buibui na nge, si mdudu kama mbung'o mwenye miguu sita. Minyoo ya tumbo na ya ini nayo ni wanyama. Wengi wa kundi hili unawaona kwa macho.

2. Protozoa. Mwili wao wote ni chembe moja tu ya uhai. Hawa ndio huleta ndigana kali, nagana (ndorobo) na ugonjwa wa kukojoa damu.

3. Bakteria. Nao ni chembe moja, lakini ni wadogo zaidi na wameumbwa tofauti kabisa na protozoa. Huleta ndigana baridi, maji moyo, kimeta, chambavu, homa ya mapafu na ugonjwa wa kutupa mimba.

4. Kuvu. Ni jamaa wa uyoga. Huleta mapunye, yale mabaka ya mviringo yenye magamba kwenye ngozi ya ndama.

5. Virusi. Hivi vinawatatiza hata wataalamu. Havili, havipumui, havikui. Huzaliana tu vikiingia ndani ya chembe ya kiumbe mwingine. Huleta ugonjwa wa miguu na midomo, mapele ngozi, kichaa cha mbwa na sotoka ya mbuzi na kondoo.

Hadubini: jicho la kumwona asiyeonekana

Chembe nyekundu za damu ya ng'ombe ni ndogo mno. Ukizipanga mstari, karibu 200 zinatosha ndani ya milimita moja. Vimelea wa ndigana hukaa ndani ya chembe hizo. Hakuna macho ya mtu yatakayowaona, hata ya mzee aliyechunga miaka 60.

Hadubini ni chombo chenye lenzi kinachokuza kitu kidogo. Zile za maabara hukuza hadi mara 1000. Miaka ya 1670 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitengeneza lenzi zake mwenyewe, akaona viumbe hai katika tone la maji. Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza damu ya ng'ombe wagonjwa kwa hadubini. Hadi leo alama ya ndigana kali inayotafutwa kwenye tezi huitwa kwa jina lake: miili ya buluu ya Koch.

Mtaalamu akipaka damu au maji ya tezi kwenye kioo, akayakausha na kuyatia rangi, anaweza kuona haya:

- Ndigana kali: miili ya buluu ndani ya chembe nyeupe za tezi iliyovimba.
- Ndigana baridi: kidoa kidogo cheusi ukingoni mwa chembe nyekundu.
- Kukojoa damu: vimelea wawili wawili, kama matone yaliyoungana kwa ncha, ndani ya chembe nyekundu.
- Nagana: vimelea warefu nje ya chembe. Damu ikiwa mbichi huonekana wakijinyonganyonga kama samaki.

Virusi ni vidogo kupita uwezo wa hadubini hii. Hupimwa kwa njia nyingine maabara.

Kwa nini OTC haikumponya ndama?

Ndigana kali na ndigana baridi zinashirikiana jina, na zote huletwa na kupe. Lakini ya kwanza ni ya protozoa, ya pili ni ya bakteria.

Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huenezwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Dalili zake ni homa kali, tezi kuvimba, kukohoa na kuhema kwa shida. Huua sana ndama. Tiba yake ni dawa ya kundi la buparvakwoni, na hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Ndigana baridi huwapata zaidi ng'ombe wakubwa. Ufizi na ndani ya kope huwa vyeupe au vya manjano, choo huwa kigumu, mnyama hukonda na kuishiwa nguvu. Hapa oksitetrasaiklini inafaa, kwa sababu huzuia bakteria kujijenga na kuzaana.

Sasa, kwa nini wengi wetu tunaamini OTC inatibu ndigana kali? Tumeiona siku ya chanjo. Katika chanjo ya ndigana kali, ndama huchomwa vimelea hai wa ugonjwa wenyewe, na siku hiyo hiyo huchomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Dawa huwazuia vimelea wakiwa ndio kwanza wanaingia, mwili ukapata muda wa kujifunza kujikinga. Tulichokiona ni kweli, ila maana yake si tuliyoidhani. Ndama akishaugua, vimelea wameshajaa ndani ya chembe nyeupe, na dawa ile haiwawezi tena.

Kwa nagana vilevile. Huko hutumika dawa kama diminazini, na OTC haisaidii.

Virusi havina dawa ya kuviua

Dawa ya bakteria huvunja kile ambacho bakteria anacho. Virusi havina. Daktari anaweza kutoa dawa hiyo kuzuia vidonda visioze, lakini haiui virusi. Kinga ni chanjo na kutenga wagonjwa. Sotoka ya ng'ombe iliteketeza mifugo ya nchi hizi miaka ya 1890. Chanjo iliiondoa, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Pengine kinga ni kukaa mbali. Wafugaji wa Ngorongoro tangu zamani huondoa ng'ombe tambarare nyumbu wanapozaa mwanzoni mwa mwaka. Sayansi imewaunga mkono: ndama wa nyumbu hutoa virusi kwa makamasi na machozi, wenyewe hawaugui, lakini ng'ombe akivipata karibu kila mara hufa. Wazee hawakuwa na hadubini, walikuwa na macho ya kulinganisha.

Tahadhari ya kimeta

Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Bakteria wa kimeta akikutana na hewa hujifungia kwenye ganda gumu. Hapo hali wala hakui, utadhani amekufa. Lakini anaweza kukaa udongoni miongo mingi, akaamka akiingia mwilini mwa mnyama au mtu. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite afisa mifugo asimamie kuchukua sampuli na kuchoma au kufukia mzoga kwa kina.

Fanya hivi mnyama akiugua

1. Mtenge. Kumbuka ameanza lini, anakula au hali, choo na mkojo wake vikoje. Kijana aliyekuwa naye machungani aulizwe, maana ndiye aliyeona kwanza.
2. Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Tazama ufizi. Tafuta kupe masikioni na chini ya mkia.
3. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Damu na maji ya tezi vichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Ukishachoma dawa, vimelea hupungua kwenye damu na hadubini inaweza isione kitu, ingawa ugonjwa upo.
4. Kama kipimo hakiwezekani kata au wilayani, muulize afisa kuhusu kupeleka sampuli kituo cha Arusha cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.
5. Toa dozi kamili kwa uzito wa mnyama. Nusu dozi huwaacha wadudu wenye nguvu wakazaana, na dawa ile haitakusaidia tena.
6. Usichome ng'ombe wengi kwa sindano moja. Damu iliyobaki huhamisha ndigana baridi.
7. Soma kwenye chupa siku za kutokunywa maziwa na kutokula nyama, uzifuate.
8. Ogesha mifugo kwa ratiba, na ndama wapate chanjo ya ndigana kali.

Baba, mama na vijana, chupa moja haitibu kila ugonjwa. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko bei ya ndama. Akiugua mwingine, mtu mmoja akimbie kwa afisa mifugo kabla mwingine hajafungua chupa.